Sura ya 6: Ruhusa ya Hewa

Ukifungua skrubu nne za kifuniko kilicho juu ya pampu ya dizeli ya injini ya 1HD-T, unakutana na utando wa mpira mweusi, wa mviringo, uliobeba pini ya chuma katikati yake. Uvute polepole, maana mpira wa miaka thelathini hauchelewi kuchanika. Chini yake kuna springi, na chini ya springi kuna gurudumu dogo lenye meno kuzunguka kama nyota. Sasa ichukue ile pini, ifute mafuta kwa kitambaa, kisha uigeuze taratibu kwenye mwanga wa mlango wa gereji. Utaona haikuchongwa sawasawa. Inakwenda ikipungua unene kuelekea juu, na upande mmoja umeliwa zaidi ya mwingine, kama penseli iliyochongwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Mara ya kwanza kuiona nilidhani imelika kwa uchakavu. Mzee aliyekuwa ameinamia pampu pamoja nami, fundi wa dizeli wa pale Iringa, akanirudishia mkononi na kuniambia niitazame tena. Imetengenezwa hivyo makusudi, na sura hii yote inahusu kwa nini.

Tuanze na jambo ambalo madereva wengi hawalijui ingawa wanalifanya kila siku. Kwenye gari la petroli la kawaida, ukikanyaga mafuta unafungua mlango wa hewa, na petroli inafuata hewa iliyoingia. Injini ya dizeli ya kizamani haina mlango huo. Inavuta hewa yote inayoweza kuvuta, iwe imesimama kwenye foleni au inapanda mlima. Mguu wako unaamuru mafuta peke yake. Ukiyaongeza, injini inatii. Ukiyaongeza kupita kiasi, inatii vilevile, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachoweza kukuambia kwamba hewa ya kuyachoma mafuta hayo haipo.

Kilo moja ya dizeli inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Hiyo ni hesabu ya darasani. Ndani ya silinda mafuta yana sehemu ndogo sana ya sekunde ya kukutana na hewa, kwa hiyo mtengenezaji huacha akiba: hewa kilo 20 au zaidi kwa kila kilo ya mafuta. Akiba hiyo ikiliwa hadi kufika karibu na 18, moshi unaanza kuonekana kwenye kioo cha nyuma. Moshi huo mweusi ni dizeli uliyoilipia kituoni ikatoka haijamaliza kuungua, na huwa imeacha joto kubwa mahali pasipofaa.

Turbo ndiyo dawa ya upungufu huo wa hewa. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, akitaka kutumia nguvu ya moshi unaotupwa nje ili kusukuma hewa ndani. Wazo liliingia kwenye meli kabla ya kufika kwenye magari. Katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungiwa mitambo yake, na injini za nguvu farasi 1,750 zikafika 2,500. Moshi unazungusha feni moja, na feni hiyo, kwa shafti moja, inazungusha nyingine inayokandamiza hewa ya kuingia. Turbo ya gari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ila turbo haizinduki mara moja. Inangoja moshi uwe mwingi, na moshi unangoja mafuta. Hapo katikati, kati ya mguu kukanyaga na hewa kufika, ndipo injini nyingi zinapoharibiwa.

Kofia ile juu ya pampu ipo kwa ajili ya nafasi hiyo. Mpira mdogo unatoka kwenye njia ya hewa ya turbo na kuingia juu ya utando. Hewa ikiwa bado haijakandamizwa, springi inaishikilia pini juu, na kijiti kinachoigusa ubavuni kinakuta sehemu nene. Wenzo wa mafuta unazuiwa. Turbo ikianza kusukuma, utando unashuka, pini inashuka nayo, kijiti kinakuta sehemu nyembamba, wenzo unapata nafasi ya kusogea na mafuta yanaongezeka. Yaani pampu inaomba ruhusa kwa hewa kabla ya kumwaga. Na kwa kuwa pini imechongwa kwa kupinda, ukiizungusha kidogo unachagua upande gani kijiti kikutane nao: upande wa kutoa kwa mkono mfupi au upande wa ukarimu. Gurudumu la nyota linakaza au kulegeza springi, na hivyo kuamua ruhusa ije mapema au ichelewe. Mtu aliyebuni kitu hiki, bila waya wala kompyuta, ninamheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwenye pampu hiyo hiyo, upande wa nyuma, kuna skrubu nyingine. Hiyo haiombi ruhusa kwa yeyote. Ukiiingiza ndani, mafuta yanaongezeka kwenye kila mzunguko, turbo iwe imeamka au imelala. Ni rahisi kuifikia, haihitaji kufungua chochote, na matokeo yake unayasikia ukitoka tu getini. Ndiyo maana inapendwa.

Nilijifunza habari zake kwa gharama ya injini ya kaka yangu. Alikuwa na mkonga, Land Cruiser ya mgongo mrefu yenye injini ya 1HZ, ile ile iliyojaa kwenye magari ya watalii ya Arusha na ya mashirika ya misaada kila kona ya Afrika. Silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo. Ni injini ya subira: nguvu farasi kama 130 za kusukuma gari zito, lakini inavumilia dizeli chafu, vumbi na madereva wanaobadilishana kila wiki. Kaka alichoka kupitwa na mabasi milimani. Tukaipeleka gereji moja, ikafungwa turbo, na fundi akaingiza skrubu ya nyuma zaidi ya nusu mzunguko. Kofia ya pampu haikuwepo, maana 1HZ haikuzaliwa nayo. Mita haikuwekwa hata moja. Mimi ndiye niliyekwenda kulichukua gari, na barabarani nilipoona wingu jeusi nyuma yangu nilifurahi. Nilidhani ndiyo alama ya nguvu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunapanda Kitonga na mifuko kumi ya saruji nyuma na watu watano ndani. Anayeijua njia ya Iringa anajua mahali penyewe: unatoka kwenye joto la bonde la Ruaha, kwenye mibuyu, kisha barabara inaanza kujizungusha kwenye ukuta wa mlima, malori yakitambaa gia ya chini, huku ng'ambo ya kingo kuna korongo. Kaka alikaa gia ya tatu, mguu chini kabisa, tukayapita malori matano au sita. Mshale wa joto la maji ulikuwa katikati, mahali pake pa siku zote. Karibu na kilele nguvu ikaisha ghafla, ukaja mlio wa kugonga, na moshi ukabadilika kutoka mweusi kuwa mweupe.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya sita ilikuwa imeliwa ukingoni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Silinda hedi ilikuwa na ufa. Nilikishika kile kipande cha pistoni mkononi na kingo zake zilikuwa laini, za mviringo, hazina hata alama ya kuvunjika. Aluminiamu ilikuwa imeyeyuka.

Kwa nini iwe 1HZ hasa? Kwa sababu mafuta yake hayaanzi kuwakia juu ya pistoni. Yanarushwa kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, yanawaka humo, kisha moto unatoka kwa kasi kupitia koo jembamba kwenda silindani. Koo hilo na chuma kinachopakana nalo hubeba joto kali mahali padogo, na hedi hupasuka hapo hapo. Juu ya hayo, uwiano wake wa mkandamizo ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1, kwa sababu ilitarajiwa kuvuta hewa ya kawaida. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na ujazo ule ule, mafuta yake yanamwagwa moja kwa moja kwenye bakuli lililochimbwa juu ya pistoni, na mkandamizo wake uko chini, karibu 18.6 kwa 1, kwa kuwa ilikusudiwa turbo tangu kwenye karatasi. Sisemi 1HZ haifungwi turbo. Ziko nyingi zinazotembea nayo miaka na miaka. Lakini hizo zimepewa hewa kidogo, pauni saba, nane, kumi hivi kwa inchi ya mraba, na mafuta kwa kijiko, na mwenyewe anajua nini kinatokea kwenye manifoldi.

Hapo ndipo tulipopotea sisi. Mita ya maji inaeleza habari za maji, na maji hupata joto kwa kuchelewa. Pistoni inaweza kuanza kuyeyuka wakati rejeta bado haina habari. Kinachosema kweli ni joto la moshi wenyewe unapotoka silindani. Sensa yake ni kijiti chembamba kinachofungwa kwenye manifoldi, kabla ya turbo, pale njia za silinda zinapokutana. Wapo wanaoifunga baada ya turbo kwa sababu ni rahisi, lakini moshi ukishaizungusha turbo huwa umepoa kwa nyuzi 100 au zaidi, na tofauti hiyo hubadilika kadiri ya mzigo, kwa hiyo unabaki unakisia. Kutoboa manifoldi bila kuishusha nako ni kucheza kamari: chembe moja ya chuma ikiingia kwenye turbo inayozunguka kwa kasi ile, umepoteza feni. Shusha manifoldi, toboa, safisha, rudisha. Ni kazi ya siku moja na gharama yake hailingani kabisa na bei ya hedi.

Kwa mlima mrefu wenye mzigo, mimi siruhusu mshale uvuke nyuzi 700 za Selsiasi. Kwa sekunde chache za kulipita lori unaweza kwenda juu kidogo ya hapo. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ile iliyochanganywa kwa ajili ya pistoni hulainika mapema zaidi. Inayoiokoa ni oili inayorushwa chini yake na muda mfupi inaoguswa na moto. Ukiinyima muda huo, kwa kukanyaga mafuta dakika kumi mfululizo, hesabu inabadilika.

Sasa turudi Iringa kwa yule mzee. Kaka alipopata 1HD-T iliyotumika, inayoingia kwenye sehemu ya 1HZ bila usumbufu mkubwa, nilimpelekea yeye. Swali lake la kwanza lilikuwa ni kitu gani nataka kiongezwe kwanza. Nikasema mafuta.

“Basi kijana, weka akiba ya injini nyingine,” akasema, wala hakutabasamu.

Siku mbili za kwanza hakugusa skrubu yoyote. Alipima mkandamizo wa kila silinda. Alitoa nozeli zote sita akazijaribu kwenye mashine, kwa sababu nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu itachoma pistoni hata kabla hujaongeza kitu. Alibadilisha chujio la hewa na kupaka povu la sabuni kwenye kila mpira wa njia ya hewa, akitafuta mapovu. Akauangalia mkanda wa taimingi. Mtengenezaji ameweka kilomita 100,000, na kuna taa maalumu kwenye dashibodi inayowaka zikitimia, ila kwenye injini iliyotumika taa huwa imeshazimwa na mtu asiyejulikana, kwa hiyo aliufunga mpya bila kubishana. Nilikuwa na haraka na nilinung'unika. Leo ninaona siku hizo mbili ndizo zilizokuwa kazi yenyewe. Yaliyofuata yalikuwa ya saa chache.

Siku ya tatu akaanza na hewa. Turbo ina mlango wa pembeni, westigeti, unaofunguka busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, ikifikia kiwango fulani ili moshi wa ziada upite bila kuzungusha feni. Unaendeshwa na springi na fimbo ndogo yenye nyuzi za nati. Fimbo ikifupishwa, mlango unachelewa kufunguka na busti inapanda. Kutoka pauni nane akaifikisha kumi na mbili, akaishia hapo. Nilipotaka zaidi akanieleza jambo ambalo nimelipigia hesabu mwenyewe baadaye. Hewa ikikandamizwa hupata moto. Hewa ya nyuzi 30 ukiikandamiza mara mbili kwa turbo nzuri inatoka ikiwa karibu nyuzi 125, na hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo unasukuma upepo mwingi wenye uzito mdogo. Bila intakula ya kuipooza, pauni za juu zinaishia kuwa joto tu. Gari la kaka halikuwa na intakula.

Kisha kuna mwinuko, na hapa nchi yetu ina neno lake. Ile kofia ya pampu inalinganisha hewa ya turbo na hewa ya nje ya mahali ilipo. Haijui iko Dar es Salaam au Makambako. Busti ya pauni kumi Dar es Salaam ni pauni kumi juu ya 14.7 za angahewa, jumla 24.7. Iringa mjini, mita kama 1,550 juu ya bahari, angahewa ni takriban pauni 12.2, na jumla inakuwa 22.2. Mita ya busti inasoma kumi ile ile, pini imeshuka pale pale, mafuta ni yale yale, lakini hewa imepungua kwa asilimia kumi. Na ili kufikisha kumi hiyo kwenye hewa nyepesi, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa zaidi. Ndiyo sababu gari lililosetiwa pwani likawa safi, lisilo na moshi, linaweza kufika Mbeya au Nairobi likiwa linafuka na mshale wa joto umepanda. Baadhi ya pampu za 1HZ zilitengenezwa na kifaa cha kupunguza mafuta mwinuko ukiongezeka, nyingi hazina. Ushauri wangu ni kwamba gari lisetiwe mahali pa juu kabisa litakapofanyia kazi, hata kama mwenyewe anaishi Tanga. Likishuka, litakuwa na hewa ya ziada, na hewa ya ziada haijaua dizeli yoyote ninayoijua.

Injini za baadaye, 1HD-FTE ya mwaka 1998 na hata V8 ya 1VD-FTV iliyofuata mwaka 2007, zimeikabidhi kompyuta kazi ya ile pini. Vijisanduku vinavyouzwa kuziongezea nguvu, vile vya bei rahisi hasa, huidanganya kompyuta kuhusu vipimo inavyopokea ili imwage zaidi. Kanuni ya hewa na moto haijabadilika, na mita ya joto la moshi inafungwa kwa namna ile ile.

Mafuta yalikuja mwisho. Mzee aliipiga pini alama ya kalamu nyeupe ilipokuwa imekaa, akaiandika pia kwenye daftari lake la jalada gumu, kisha akauzungusha utando kwa kiasi cha upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nyota akailegeza meno matatu. Skrubu ya nyuma hakuigusa. Aliifunika na rangi ili mtu mwingine akiigusa ijulikane. Tukapakia mawe ya kilo 500, tukashuka hadi chini ya Kitonga, tukageuza.

Gia ya tatu, mizunguko 2,200. Mshale wa joto ulipita 500, ukapita 600, ukaendelea kupanda taratibu. Kwenye kona ya kwanza kali turbo ililala kidogo, na nikatazama kioo nikingoja wingu. Ukatoka ukungu wa kijivu, ukakatika. Kwenye 690 mshale bado ulikuwa unasogea, na mzee akanyoosha mkono kuniashiria nisimame. Tulisubiri injini ipoe kwa kunguruma dakika kadhaa, malori yakitupita na kutupigia honi. Akafungua skrubu nne, akairudisha pini nyuma kwa nusu ya alichokuwa ameongeza, akafunga. Tulishuka tena hadi chini na kuanza upya, mguu wangu chini kabisa, na safari hii mshale ulifika 640 ukakaa hapo hadi juu. Tulipofika Ilula alinunua nyanya ndoo moja, akaishika mapajani njia nzima, akiandika namba kwenye daftari lake kila gari lilipotulia.